Taa Ndogo ya Kiashiria na Swichi Isiyo na Mwanya

Fundi ametengeneza kiatamizi cha vifaranga, au tanuri la mikate, au pipa la kuchemshia maji ya hoteli. Ameweka kidhibiti joto, ameweka rilei ya hali mango, ile ambayo wauza vipuri huiita SSR, na kwenye mlango wa boksi ametoboa tundu la taa ya kiashiria ili mwenye mashine ajue kama umeme unakwenda au umekatwa. Anaijaribu taa kabla hajafunga hita. Kidhibiti kinaamuru kuzima, lakini taa inaendelea kuwaka. Anabadilisha rilei, taa inawaka. Anabadilisha taa, nayo mpya inawaka vilevile. Hakuna kilichoharibika. Kila kifaa kinafanya kazi yake kama kilivyotengenezwa, ila habari vinayoitoa kwa pamoja si ya kweli.

Tatizo hili dogo limebeba historia ya miaka 200 hivi. Ndani yake zinakutana safari mbili: ya swichi inayoendeshwa kwa mbali, na ya taa inayotoa habari za waya. Kwa zaidi ya karne moja safari hizo zilikwenda sambamba bila ugomvi, kwa sababu swichi ya zamani ilikuwa na kitu ambacho ya sasa haina, nacho ni mwanya wa hewa. Anayeijua historia hiyo haungi taa kwa kubahatisha. Anajua kwamba taa ya kiashiria ni shahidi wa waya ule tu iliofungwa nao, na kwamba shahidi huulizwa kwanza alikuwa amesimama wapi.

Sumaku inayotii waya

Mwaka 1820, mjini Copenhagen, Hans Christian Ørsted alionyesha kwamba mkondo wa umeme unaopita kwenye waya huigeuza sindano ya dira iliyo karibu. Hadi siku hiyo umeme na sumaku vilihesabiwa kuwa vitu viwili tofauti. Miaka mitano baadaye Mwingereza William Sturgeon alizungushia waya kwenye kipande cha chuma kilichopindwa kama kwato, chenye uzito wa gramu 200 hivi, akapitisha umeme, na chuma hicho kikainua mzigo wa karibu kilo 4. Alipokata umeme, mzigo ulianguka. Hapo ndipo ilipopatikana nguvu inayokuja na kuondoka kwa amri ya waya.

Aliyeifanya nguvu hiyo isafiri mbali ni Joseph Henry, mwalimu wa Albany katika jimbo la New York. Henry alifunika waya kwa kitambaa cha hariri ili mizunguko isigusane, akauzungusha mara nyingi, na mwaka 1831 aliweza kugonga kengele iliyokuwa mwisho wa waya wenye urefu wa zaidi ya maili moja. Baadaye alihamia Princeton, na huko, mwaka 1835, akawaonyesha wanafunzi wake jambo ambalo ulimwengu wa viwanda unalitumia hadi leo. Mkondo dhaifu uliotoka mbali uliivuta sumaku ndogo, na sumaku hiyo ikafungua au kufunga mzunguko mwingine wenye nguvu kubwa, uliokuwa umeinua vyuma vizito. Kwa kidole kimoja mwalimu aliangusha mzigo ambao yeye mwenyewe asingeweza kuubeba. Hiyo ndiyo rilei: umeme mdogo unaoamuru umeme mkubwa, bila waya za pande hizo mbili kugusana.

Mambo mawili ya rilei ya Henry yanatuhusu. La kwanza, upande wa amri na upande wa kazi vimetengana. La pili, rilei inapofunguka, vyuma viwili vinaachana na hewa inaingia katikati. Hewa ya milimita chache inatosha kuzuia volti za umeme wa nyumbani kabisa. Waya wa upande wa pili unakufa, na chochote kilichofungwa nao kinakufa pamoja nao.

Simu za maandishi na njia za reli

Simu ya maandishi ndiyo iliyoipa rilei kazi ya kwanza kubwa. Samuel Morse alipofungua njia ya Washington hadi Baltimore mwezi Mei 1844, rilei ilikuwa sehemu ya mitambo yake: mkondo uliofika ukiwa umechoka kwa umbali uliamsha betri mpya, na ujumbe ukaendelea. Bara zima la Amerika lilivukwa kwa mtindo huo. Chini ya bahari mambo yalikuwa magumu zaidi. Mwaka 1879 kebo ya kampuni ya Eastern and South African Telegraph ilifika Zanzibar kutoka Aden, ikaendelea kusini kupitia Msumbiji hadi Durban. Unguja ya Sayyid Barghash ikaunganishwa na London kwa muda mfupi badala ya majuma. Katika vituo vya kebo za enzi hizo makarani waliupokea ujumbe kwa macho na kuutuma tena kwa mikono, kwa hiyo kazi ambayo nchi kavu ilifanywa na sumaku, baharini ilifanywa na binadamu.

Lakini mtu aliyeona mbali kuliko wote katika habari ya ishara za umeme alikuwa William Robinson wa Marekani. Mwaka 1872 alipata hataza ya mzunguko wa reli ambao mpaka sasa unalinda treni duniani kote. Kipande cha reli kinatengwa na vingine. Upande mmoja inawekwa betri, upande wa pili rilei, na mkondo unapita ndani ya reli zenyewe. Rilei ikipata mkondo, ishara inasema njia ni wazi. Treni ikiingia, ekseli zake zinaunganisha reli mbili, mkondo unapitia humo badala ya kufika kwenye rilei, na rilei inaangusha ulimi wake kwa uzito tu. Ishara inakuwa ya hatari.

Ubora wa kazi ya Robinson uko katika kile kinachotokea mambo yanapoharibika. Betri ikifa, ishara inakuwa ya hatari. Waya ukikatika, hatari. Reli ikivunjika, mara nyingi hatari vilevile. Kwa hiyo ruhusa ya kupita inahitaji ushahidi unaoendelea kutolewa kila sekunde, na kukosekana kwa ushahidi hakuhesabiwi kuwa salama. Tena ishara yake ilifungwa kwenye reli yenyewe, pale treni inapopita, wala haikutegemea amri ya mtu aliyeko ofisini. Robinson aliuliza swali sahihi kabla ya kuunga waya: nataka kujua nini hasa, na ukweli wa jambo hilo uko wapi? Tutalihitaji swali hilo mbele.

Rilei zikaenea. Almon Strowger, mzika maiti wa Kansas City, alipata hataza ya swichi ya simu inayojiendesha mwaka 1891, na mwaka uliofuata kituo cha kwanza cha aina hiyo kikafunguliwa La Porte, Indiana. Mjini Berlin, mwaka 1941, Konrad Zuse alikamilisha kompyuta yake ya Z3 kwa rilei zaidi ya 2,000. Katika Chuo Kikuu cha Harvard, tarehe 9 Septemba 1947, wahudumu wa kompyuta ya Mark II walimkuta nondo amenasa ndani ya rilei, wakambandika kwenye daftari la kumbukumbu. Daftari hilo limehifadhiwa katika taasisi ya Smithsonian, ambayo Joseph Henry alikuwa katibu wake wa kwanza.

Nondo yule alidhihirisha udhaifu wa rilei ya sumaku. Ina kitu kinachosogea. Ulimi huchoka, springi hulegea, cheche hula uso wa vyuma vinavyogusana, vumbi na wadudu huingia. Rilei nyingi za kawaida hudumu kwa takriban mara 100,000 za kuwasha na kuzima zikiwa na mzigo kamili. Hesabu hiyo inaonekana kubwa mpaka uipeleke kwenye kidhibiti joto cha kisasa kinachowasha na kuzima hita kila baada ya sekunde 10. Rilei itamaliza umri wake kabla ya siku 12 kutimia, nayo mayai ya kuku hukaa kwenye kiatamizi siku 21.

Mwanga unaoleta habari

Wakati swichi ikikua, taa nayo ilikuwa na historia yake. Kuelekea mwisho wa karne ya 19 vituo vya simu vilianza kutumia taa ndogo za uzi mbele ya wahudumu: mteja akiinua mkono wa simu taa yake inawaka, akiurudisha inazima. Taa hizo zilikuwa za kweli kwa sababu zilisoma hali ya waya wa mteja mwenyewe. Kasoro yake ilikuwa uzi uliomo ndani, ambao hutoa joto jingi na siku moja hukatika. Taa iliyokatika uzi haitofautiani na taa iliyozimwa, na hilo ni jambo la kukumbukwa na kila anayesoma taa.

Mwaka 1898, jijini London, William Ramsay na Morris Travers waligundua gesi ya neoni. Mnamo 1917 Daniel McFarlan Moore, akifanya kazi katika kampuni ya General Electric, alibuni taa ndogo ya neoni isiyo na uzi: kichupa cha kioo, gesi kidogo, na ncha mbili za chuma zisizogusana. Volti zikifika kiasi fulani, zaidi ya 60 hivi kwa umeme wa kwenda na kurudi, gesi inafunguka na rangi ya chungwa inatokea kando ya ncha hizo. Haina cha kukatika, inaweza kudumu miaka mingi, na inatosheka na mkondo mdogo sana, chini ya miliampea 1. Ikiwekewa kipingamizi mbele yake, inafungwa moja kwa moja kwenye umeme wa nyumbani.

Kila fundi wa Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura anaijua taa ya Moore hata kama hajalisikia jina lake, maana ndiyo iliyomo ndani ya testa. Mkondo unatoka kwenye waya wa moto, unapita kwenye kipingamizi cha takriban ohmu milioni moja, kwenye kichupa cha neoni, kisha kwenye mwili wa fundi mwenyewe kuelekea ardhini. Ni sehemu ya robo ya miliampea au chini yake, kiasi ambacho mkono hauhisi, lakini neoni inakiona. Usikivu huo ndio sifa ya neoni, na ndio utakaotuletea matata.

Kompyuta ya ENIAC ilipoonyeshwa kwa umma mwezi Februari 1946 huko Philadelphia, ilikuwa na neoni nyingi zilizoonyesha tarakimu zilizomo ndani yake. Ili watazamaji waone vizuri, wahandisi walizifunika kwa nusu za mipira ya tenisi ya mezani zilizoandikwa namba. Hapo taa za viashiria zikawa uso wa mashine.

Swichi iliyoachana na hewa

Mwezi Desemba 1947, miezi mitatu tu baada ya nondo wa Harvard, maabara ya Bell ya Marekani ilifanikiwa kutengeneza transista. Kuanzia hapo wanafizikia wa hali mango walianza kutafuta swichi ya umeme mkubwa isiyo na kitu kinachosogea. Katikati ya miaka ya 1950 kundi la Bell, ambalo kijana Nick Holonyak alikuwa mmoja wao, lilifanikisha swichi ya silikoni yenye tabaka nne. General Electric iliigeuza kuwa bidhaa ya viwandani kuanzia 1957: thairista, ambayo inapogutushwa na mkondo mdogo huanza kupitisha umeme na kuendelea kuupitisha hadi mkondo unaopita ndani yake ukatike. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikaja triaki, inayofanya hivyo kwa pande zote mbili za umeme wa kwenda na kurudi.

Holonyak alihamia General Electric, na mwaka 1962, mjini Syracuse, akatengeneza diodi ya kwanza iliyotoa mwanga mwekundu unaofaa kutumika, yaani LED. Inafurahisha kwamba mtu mmoja alitia mkono katika familia zote mbili, ya swichi na ya taa. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1970 familia hizo zilifungwa katika boksi moja na kuuzwa kama rilei ya hali mango.

Fungua boksi hilo kwa mawazo. Upande wa amri, volti ndogo za kidhibiti, mara nyingi kati ya 3 na 32 za mkondo mnyoofu, zinawasha LED iliyofichwa. Mwanga wake unavuka pengo dogo na kuangukia kipokea mwanga, nacho kinagutusha triaki au thairista mbili upande wa umeme mkubwa. Sharti la Henry la kutenganisha pande mbili limetimizwa tena, safari hii kwa mwanga. Aina nyingi hungoja hadi wimbi la umeme lipite kwenye sifuri ndipo ziwashe. Kwa umeme wa hezi 50 hilo hutokea mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo kungoja hakuzidi sehemu ya mia ya sekunde. Hakuna cheche, hakuna mlio, hakuna vyuma vya kuungua. Kuwasha kila sekunde 10 kwa miaka si tatizo.

Faida hizo zina bei. Silikoni iliyowaka hula volti 1 na kidogo, hivyo mkondo wa ampea 10 huacha wati 12 au zaidi za joto ndani ya rilei, na lazima ifungwe juu ya kipoozeo cha alumini. Inapokufa, mara nyingi hufa ikiwa imefunga, umeme ukipita moja kwa moja. Na kubwa kuliko yote: inapozima, haiachi mwanya. Silikoni iliyozimwa ni kizuizi kizuri, lakini ndani ya boksi watengenezaji wengi huweka pia kapasita na kipingamizi sambamba na swichi, ili mishtuko ya volti kwenye laini isiigutushe triaki bila amri. Kapasita huruhusu umeme wa kwenda na kurudi upite kidogo kidogo, iwe rilei imezimwa au la.

Kidogo hicho ni kiasi gani? Kapasita ya mikrofaradi 0.1 kwenye umeme wa volti 230 na hezi 50 inakuwa na ukinzani wa ohmu 32,000 hivi. Gawanya, upate miliampea 7. Zipo rilei zinazovujisha 1 au 2 tu, na zipo zisizo na kapasita hiyo, lakini 7 si ajabu. Kwa hita ya wati 2,000 hicho si kitu. Kwa neoni inayotosheka na nusu ya miliampea, au taa ya LED ya paneli inayotumia miliampea chache, ni chakula kamili. Ndiyo maana taa ya fundi wetu haikuzima. Aliipa rilei mpya kazi ya kuilisha taa peke yake, na mvujo wa rilei ulitosha kuishibisha.

Taa iliyodanganya Pennsylvania

Mtu anaweza kusema kwamba taa ndogo kuwaka isivyopasa ni kero tu. Historia inajibu vingine. Alfajiri ya tarehe 28 Machi 1979, katika kinu cha nyuklia cha Three Mile Island jimboni Pennsylvania, vali ya kupunguza shinikizo ilifunguka kama ilivyopaswa, kisha ikakwama wazi. Maji ya kupoozea kinu yakawa yanatoka. Kwenye chumba cha kuongozea kulikuwa na taa ya vali hiyo, nayo ilikuwa imezimika, wahudumu wakaelewa kwamba vali imejifunga. Lakini taa ile haikuwa imeungwa na vali. Ilikuwa imeungwa na umeme wa koili iliyoifungua. Ilichosema ni kwamba amri ya kufungua imeondolewa, na hilo lilikuwa kweli. Hali ya vali yenyewe haikuwa na shahidi wa moja kwa moja. Maji yaliendelea kupotea kwa zaidi ya saa mbili, na karibu nusu ya kiini cha kinu kikayeyuka.

Kulikuwa na makosa mengine siku ile, ya mitambo, ya mafunzo na ya uamuzi. Lakini miaka 107 baada ya Robinson kufunga ishara yake kwenye reli yenyewe, wasomi wa taifa tajiri waliunga taa kwenye amri, na watu waliokuwa zamu wakaisoma kana kwamba imeungwa kwenye tukio. Fundi anayefunga taa kwenye rilei ya tanuri anafanya uchaguzi uleule, kwa kipimo kidogo.

Namna ya kuiunga

Chukua mashine yetu ya hita. Waya wa moto uingie kwanza kwenye swichi kuu ya kukata, na ni bora ikate waya wa moto na nyutro kwa pamoja. Kutoka hapo upite kwenye fyuzi, uende kwenye mguu wa kwanza wa rilei. Mguu wa pili uende kwenye hita, na upande wa pili wa hita urudi kwenye nyutro. Miguu ya amri, ambayo kwa kawaida imeandikwa 3 na 4, ipokee volti za kidhibiti kwa kufuata chanya na hasi. Boksi la chuma na mwili wa mashine vifungwe ethi.

Sasa taa. Maswali ni matatu, na kila moja lina mahali pake. Je, boksi lina umeme? Taa ya swali hilo inakaa baada ya swichi kuu na fyuzi, kabla ya rilei, kati ya waya wa moto na nyutro. Nyeupe inafaa. Je, kidhibiti kimeamuru kuwasha? Taa yake ni LED ndogo ya volti za chini upande wa amri, na rilei nyingi huja nayo tayari juu ya uso wake. Je, hita imefikiwa na umeme? Taa ya swali hilo inafungwa kwenye mguu wa pili wa rilei na nyutro, sambamba na hita.

Taa hii ya tatu ndiyo yenye historia yote tuliyoisimulia. Hita ikiwa nzima, taa itakuwa mkweli: hita ya wati 2,000 ina ohmu 26 tu, na mvujo wa miliampea 7 ukipita humo unazaa volti 0.2, ambazo haziwezi kuwasha chochote. Hita ikikatika, mvujo unakosa njia hiyo, volti zinapanda kwenye taa, nayo inawaka hata rilei ikiwa imezimwa. Na rilei ikiungua kwa kufunga, taa itawaka vilevile. Kwa hiyo taa ya amri ikiwa imezimika na taa ya hita inawaka, mashine inataka kukaguliwa: ama hita imekatika, ama rilei imeungua. Anayezisoma taa mbili pamoja anapata habari ambayo kila moja peke yake isingempa.

Ikiwa rilei inalisha taa peke yake, bila hita, mvujo upewe njia nyingine. Taa ya uzi wa tungsteni ya wati 5 inafaa, kwa kuwa uzi wake ukiwa baridi una ukinzani mdogo na miliampea 7 hazitoshi kuupasha hadi ung'ae. Kwa neoni au LED, kipingamizi sambamba na taa hufanya kazi hiyo. Chenye ohmu 4,700 kitashusha volti za mvujo hadi 33 hivi, chini ya kiwango cha kuwasha neoni. Kwa LED huenda zikahitaji kushushwa zaidi. Lakini rilei ikiwaka, kipingamizi hicho kitakula wati 11, kwa hiyo kiwe cha wati 20 au zaidi na kikae penye hewa. Usisahau pia kwamba triaki inahitaji mkondo wa kutosha ili iendelee kupitisha umeme; taa ndogo peke yake inaweza kuifanya ipepese. Kwa kazi ya kuwasha taa tu, rilei ya zamani ya sumaku, au rilei ya hali mango isiyo na kapasita, mara nyingi ni chaguo bora.

Mkono wa mtu mwishoni mwa waya

Yote haya yangekuwa hesabu tu kama mwishoni mwa waya kusingekuwa na mkono wa mtu. Mtu huanza kuuhisi umeme wa kwenda na kurudi kwenye miliampea 1 hivi, na karibu na 10 misuli inaweza kukaza mkono usiachie. Mvujo wa rilei iliyozimwa uko katikati ya viwango hivyo, na rilei iliyoungua haina kikomo zaidi ya fyuzi. Anayebadilisha hita kwa kuamini kwamba kidhibiti kimezima anashika waya ambao haujawahi kufa. Kuzima kwa rilei ya hali mango ni kwa ajili ya kazi. Kuzima kwa ajili ya mkono wa binadamu ni kwa swichi kuu yenye mwanya wa hewa, ikafungwa kwa kufuli, kisha waya ukapimwa kwa mita iliyojaribiwa kwanza mahali penye umeme unaojulikana. Taa iliyozimika haihesabiwi kuwa kipimo, kwa sababu taa mbovu nayo huzimika.

Rilei hizi sasa ziko kila mahali Afrika Mashariki, kwenye mitaa ya Kariakoo na barabara ya River ya Nairobi, kwenye viatamizi na matanuri yanayotengenezwa na vijana wetu kwa mikono yao. Kazi hiyo inastahili heshima, na sehemu ya heshima ni kufundisha vifaa hivi pamoja na sababu zake. Vyuo vya ufundi vikimfundisha mwanafunzi kuunga taa kwenye rilei, vimfundishe kuhesabu mvujo, na vimtake aandike chini ya kila taa, kwa Kiswahili, kile inachoshuhudia: "Umeme umeingia", "Amri ya kuwasha", "Hita ina umeme". Maneno ya namna hiyo yangeweza kuwaokolea wahudumu wa Pennsylvania saa mbili za giza. Boksi lenye kuyabeba litamweleza ukweli hata mtu ambaye hakulitengeneza, atakayelifungua miaka kumi baadaye akiwa na bisibisi mkononi na haraka moyoni, na huyo ndiye ambaye taa ya kiashiria inawekwa kwa ajili yake.